HISABATI MBELE YA KIOO: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA MITIHANI YA KITAALAMU KWA KOMPYUTA

1. Utangulizi

Mtaani Nyasubi, katika Manispaa ya Kahama, steshenari ni nyingi. Humo watu hutoa nakala za vyeti, hujaza maombi ya kazi, na siku hizi hujizoeza mitihani. Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mwalimu wa hisabati, alijiwa siku moja na kijana aliyemfundisha zamani. Kijana huyo alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kwanza wa uaktuari, ambao hufanywa kwenye kompyuta. Baada ya kutoa shikamoo alisema: "Mwalimu, hesabu ni moja. Kwenye daftari napata sita, kwenye mashine napata mia na hamsini. Nimekosea wapi?"

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Katika daftari aliandika 60 juu ya mstari, na chini ya mstari akaandika 2 × 5. Katika kompyuta aliandika 60/2*5. Mashine iligawanya 60 kwa 2, ikapata 30, kisha ikazidisha kwa 5. Haikukosea, wala kijana hakukosea hisabati. Kilichopotea kati ya daftari na kioo ni ule mstari, na pamoja nao maarifa ambayo hakuna mtu aliyewahi kumpa kijana huyo kwa maneno.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba matatizo mengi ya watahiniwa wetu mbele ya kompyuta ni ya istilahi kwanza, ndipo yawe ya mashine. Yanakusudia pia kuhakiki baadhi ya istilahi tulizo nazo: zipi zimefaa, zipi zimelegea, na zipi zingepaswa kurekebishwa kabla hazijaota mizizi.

2. Jambo lenyewe lilivyo

Kompyuta si mgeni wa jana katika nchi yetu. Ya kwanza ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Serikali kuleta hasara na vurugu. Marufuku hiyo ilipolegezwa baadaye, mashine ziliingia kwa wingi pamoja na maneno yake ya kigeni, na wanaistilahi wakawa wanazifuata nyuma. Kazi kubwa ilifanyika mwaka 2004, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Tangu hapo lahajedwali, faili, kubofya na kuhifadhi yamekuwa maneno ya kawaida kwa wanaotumia Kiswahili katika kazi hizo.

Mitihani nayo imefuata njia hiyo. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kusahihisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa mashine inayosoma vivuli, na mwaka huo mtihani wa Hisabati ulikuwa wa kuchagua majibu mwanzo hadi mwisho. Walimu na wazazi wengi walilalamika, na baadaye maswali ya kuonyesha njia yakarudishwa. Katika mitihani ya kitaalamu mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi. Chama cha waaktuari cha Uingereza, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1848, kilipobadili mitaala yake mwaka 2019 kiliingiza karatasi ambazo mtahiniwa hutumia lahajedwali la Excel au programu ya R. Mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, mitihani yake ilihamishiwa kwenye mtandao. Huko Marekani mtihani wa kwanza wa waaktuari, ule wa nadharia ya uwezekano, hufanywa katika vituo vya kompyuta: maswali 30 kwa saa 3, yaani dakika 6 kwa kila swali.

Ni dhahiri kwamba katika dakika 6 hakuna nafasi ya kujifunza kibodi. Mtahiniwa wa Nyasubi hupimwa mambo matatu kwa wakati mmoja: hisabati, Kiingereza na kibodi. La kwanza ndilo alilolipia ada. Mawili mengine huyalipia kwa alama.

3. Mstari uliopotea

Turudi kwenye mstari wa kijana yule. Katika vitabu vyetu vya shule ya msingi, namba ya juu katika sehemu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Istilahi hizi ni fupi na zimezoeleka. Lakini mstari unaozitenganisha haukupewa jina linalojulikana, na kwa sababu hiyo mwalimu huuchora bila kuusema. Mwanafunzi haambiwi kwamba mstari ule hufanya kazi mbili: huamuru kugawanya, na papo hapo hufunga pamoja vyote vilivyo juu yake na vyote vilivyo chini yake. Ni mabano yasiyoonekana.

Kibodi haina mstari wa namna hiyo. Ina mkwaju, na mkwaju hufanya kazi ya kwanza tu. Hiyo ya pili hapana budi ifanywe na mabano yenyewe: 60/(2*5). Mwanafunzi aliyefundishwa tangu utoto kuuita mstari huo "mstari funganishi", mathalani, angejua kwamba anapouacha mstari anaacha pia kifungo, naye angetafuta kifungo kingine. Asiyekuwa na jina la kitu hajui kwamba amekipoteza.

Mkwaju una utata mwingine ambao ni wa kwetu. Sisi huandika bei kwa mkato, kisha mkwaju na alama ya usawa: 1,500/=. Mtumishi wa umma aliyezoea hati za malipo huandika hivyo hivyo katika lahajedwali, na mashine haioni namba bali maandishi, nayo hukataa kuyajumlisha. Katika programu ya R hali ni mbaya zaidi. Ukiandika 1,500 ndani ya orodha, mashine huona namba mbili, 1 na 500, wala haikuonyi. Jibu hutoka likiwa safi, nalo ni la uongo. Vitabu vyetu vinasema kwamba mkato hutenga maelfu, lakini haviongezi kwamba mkato huo ni wa msomaji binadamu.

4. MAGAZIJUTO na hatari yake

Hapana Mtanzania aliyesoma shule ya msingi asiyekumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa ubunifu wa lugha, neno hili linastahili sifa. Lina mahadhi, hukaa kichwani, na limeundwa kwa vianzo vya maneno yetu wenyewe. Lakini mhakiki halazimiki kunyamaza kwa sababu kitu ni kizuri.

Tutazame 20 − 5 + 3. Mtoto anayelifuata neno hilo neno kwa neno atajumlisha kwanza 5 na 3, apate 8, kisha atoe 8 katika 20, apate 12. Kompyuta itampa 18, nayo ndiyo yenye haki. Kujumlisha na kutoa ni vitendo vya daraja moja, na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Hali kadhalika kugawanya na kuzidisha. MAGAZIJUTO imepanga ngazi tano mahali penye ngazi tatu. Kosa hili si la Kiswahili peke yake, kwani BODMAS wanayokutana nayo watoto wakifika sekondari ina ugonjwa huo huo. Lakini daftarini mwalimu hulirekebisha kwa jicho na kalamu nyekundu. Kompyuta haina jicho la huruma.

Mwandishi hapendekezi kulifuta neno hilo, kwani litakalowekwa mahali pake halitashika. Yafaa liandikwe vitabuni kwa kutenganishwa, MA–GAZI–JUTO, pamoja na maelezo kwamba ni ngazi tatu, na kwamba ndani ya kila ngazi anayetangulia kushoto hufanywa kwanza. Neno litabaki lile lile ila limewekwa vituo.

5. Hasi si toa

Katika jambo linalofuata Kiswahili kimekuwa na bahati ambayo hatujaitumia. Alama moja ya kistari ina kazi mbili katika hisabati. Katika 8 − 3 ni amri ya kitendo, nasi husema "nane toa tatu". Katika −3 ni sifa ya namba, nasi husema "hasi tatu". Mwalimu wetu wa darasa la tano hutofautisha mambo haya kwa maneno mawili yasiyofanana hata kwa herufi.

Kibodi ya kompyuta ina kitufe kimoja tu kwa kazi zote mbili, na matokeo yake si ya kuchekesha. Ukiandika katika Excel alama ya usawa, kistari, 3, kikofia na 2, mashine hukupa 9, kwa kuwa huona kistari kile kuwa sehemu ya namba, yaani hasi 3 kwa kipeo cha pili. Ukiandika mambo hayo hayo katika R hupewa −9, kwa kuwa R hukokotoa kipeo kwanza, ndipo iweke kistari. Mashine mbili, mtihani mmoja, majibu mawili, na mtahiniwa hutakiwa kuzitumia zote.

Mwenye lugha inayotofautisha hasi na toa anayo silaha ya kujikinga. Anapokiona kistari ajiulize: je, hapa nasoma hasi au nasoma toa? Akisoma hasi na afunge mabano: (−3)^2. Kanuni hii fupi ingeweza kuandikwa katika kila kitabu cha mwalimu. Inasikitisha kwamba badala yake walimu wengi wa sekondari huliacha neno hasi mlangoni mwa kidato cha kwanza, pamoja na maneno mengine yote ya hisabati ya Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Jambo hilo halikutekelezwa, na hadi leo Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Kwa hiyo istilahi zetu za hisabati husimama zikiwa na umri wa mtoto wa darasa la saba. Hazikui kwa sababu hazipewi kazi ya watu wazima.

6. Herufi moja

Istilahi nyingine zetu zina udhaifu wa kusikika na kuandikwa. Kipeo cha pili cha 16 ni 256, na kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Kati ya 256 na 4 imesimama herufi moja, u. Kigawo na kigawe navyo hutengwa na irabu ya mwisho tu, na watoto hukariri KKS na KDS bila kujua kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo.

Kwa mtu anayeandika ubaoni hatari hii ni ndogo, kwa sababu alama ya kipeuo huonekana. Lakini katika kompyuta mtahiniwa huandika maneno mahali pa alama, na mfasiri wa maelekezo huandika maneno yatakayosomwa na watu ambao hawapo mbele yake. Kosa moja la chapa hubadilisha hesabu, na hakuna msahihishaji wa tahajia atakayeligundua, maana maneno yote mawili ni sahihi. Mwandishi anadhani istilahi zinazopingana kwa maana zisilazimishwe kufanana kwa umbo. Tuliziunda jozi hizi kwa kupenda ulinganifu, na ulinganifu ukatuponza. Kwa kuwa zimekwisha kuenea, dawa iliyobaki ni kwa wafasiri kuandika daima alama au mfano wa namba pembeni ya neno, ili macho yasaidiane.

7. Njia, kuhifadhi na kuwasilisha

"Onyesha njia." Maneno haya mawili ndiyo msingi wa haki katika mtihani wa hisabati. Aliyekosea jibu lakini njia yake ni njema hupata alama za njia. Mtihani wa kuchagua majibu kwa kompyuta hauna njia, una mwisho tu. Na pale mtahiniwa anaporuhusiwa kuandika hesabu zake kwa kibodi, njia hugeuka kuwa safu ndefu ya mikwaju, vinyota na vikofia ambayo yeye mwenyewe hawezi kuisoma upya ili kugundua kosa lake. Mtahiniwa mwenye busara huandika kwanza njia katika karatasi, kisha huihamisha. Lakini kuhamisha nako kunahitaji dakika, na dakika zimehesabiwa.

Kuna pia amri za kioo. Hifadhi na wasilisha si jambo moja: anayehifadhi anaweka kazi yake apate kurudi, anayewasilisha amekabidhi na mlango umefungwa. Darasani tulikuwa na neno moja tu, kukusanya, na mkusanyaji alikuwa mwalimu. Sasa mtahiniwa hujikusanyia mwenyewe. Katika baadhi ya maelekezo mwandishi ameona "tuma" ikitumika mahali pa zote mbili. Hapa pasiwe na mzaha. Hifadhi ibaki kwa kuweka, wasilisha ibaki kwa kukabidhi, na tuma isitumike kabisa katika chumba cha mtihani. Vivyo hivyo nenosiri na nywila: ofisi ichague moja na kuishika, kwa maana mtahiniwa mwenye hofu akiona majina mawili hudhani ni vitu viwili.

8. Kikokotoo: neno lililobeba mizigo miwili

Tunafika kwenye neno linalowagusa wasomaji wote wa jarida hili walio watumishi wa umma. Kikokotoo limeundwa vizuri kutokana na kitenzi kokotoa, kwa kiambishi ki- cha vyombo na kiishio -o. Kwa umbo lake ni chombo cha kukokotolea, nayo ndiyo maana yake katika chumba cha mtihani.

Lakini tangu mwaka 2018, ilipotungwa sheria ya kuunganisha mifuko ya pensheni ya utumishi wa umma, neno hilo limepata maana nyingine kwa wananchi: utaratibu wa kukadiria mafao ya mstaafu. Desemba 2018 Rais Magufuli alisimamisha utaratibu mpya. Mwingine ulianza kutumika Julai 2022, nao ulitoa mkupuo wa asilimia 33. Mwezi Juni 2024 Serikali ilitangaza kuipandisha asilimia hiyo hadi 40 kwa kundi la watumishi waliokuwa wakipata asilimia 50 hapo awali, na hadi 35 kwa waliokuwa wakipata asilimia 25.

Tutazame kilicho ndani ya neno hilo. Chini ya utaratibu wa 2022, mkupuo hupatikana kwa kuzidisha miezi ya utumishi kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kugawanya kwa 580, kuzidisha kwa 12.5, kisha kuchukua asilimia 33. Mtumishi wa miezi 360 mwenye wastani wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka angepata mkupuo wa takriban shilingi 30,724,000. Kwa asilimia 40, vigezo vingine vikibaki vile vile, angepata takriban shilingi 37,241,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi milioni 6, yaani gharama ya kupaua nyumba au kusomesha mtoto.

Hapa pana mambo manne: kanuni, kigawanyo, kizidisho na asilimia ya mkupuo. Yote tumeyaita kikokotoo. Mtu anaposema "kikokotoo kimepanda", amesema kipi kimepanda? Badiliko la 2024 lilihusu asilimia. Anayedai kigawanyo kibadilishwe hudai jambo jingine kabisa, lakini hana neno la kudai nalo. Lugha inapokosa kutenganisha, mjadala hugeuka kuwa kelele, na mwenye haki hushindwa kuionyesha haki yake. Mwandishi anapendekeza kikokotoo libaki kuwa jina la chombo, na hesabu ya mafao iitwe kanuni ya mafao, pamoja na majina ya sehemu zake kama yalivyotajwa hapo juu.

Na mwenye kazi ya kukadiria kanuni hizo aitweje? Katika maandishi ya sekta ya bima huitwa mtakwimu bima, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada ya fani yake. Istilahi hii ina kasoro mbili. Kwanza, mtakwimu hukusanya na kuchambua yaliyokwisha kutokea, hali huyu hukadiria yajayo na kuyapa thamani ya fedha ya leo. Pili, neno bima linamfungia nje ya pensheni, ambako mstaafu wa Nyasubi anamhitaji zaidi. Ndiyo sababu mwandishi ametumia aktuari tangu mwanzo wa makala haya. Ni neno la kukopa, lakini halidanganyi. Afadhali mgeni mkweli kuliko mwenyeji anayepotosha njia.

9. Hitimisho na mapendekezo

Baraza haliwezi kubadili lugha ya mitihani inayotungwa London au Chicago, wala kuongeza dakika ya saba kwa kila swali. Lakini laweza kumwezesha mtahiniwa kufika mbele ya kioo akiwa na majina ya mambo atakayokutana nayo, kwa kuwa aliyeelewa jambo kwa lugha yake hulitambua hata likivaa nguo ya kigeni. Kwa hiyo mwandishi anapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Mstari funganishi: mstari wa sehemu unaogawanya na kufunga pamoja vilivyo juu na vilivyo chini yake.

(b) MA–GAZI–JUTO: iandikwe kwa ngazi tatu, pamoja na kanuni ya kutoka kushoto kwenda kulia.

(c) Hasi na toa: zitofautishwe katika kila kiwango cha elimu, na namba hasi yenye kipeo ifungwe kwa mabano inapoandikwa kwa kibodi.

(d) Kipeo na kipeuo, kigawo na kigawe: ziambatane na alama au mfano katika tafsiri zote.

(e) Hifadhi na wasilisha: zisibadilishane nafasi, na tuma iachwe.

(f) Kikokotoo: chombo tu. Kanuni ya mafao, kigawanyo, kizidisho na asilimia ya mkupuo zitajwe kila moja kwa jina lake.

(g) Aktuari: mkadiriaji wa hatari na thamani za fedha zijazo, katika bima, pensheni na kwingineko.

Mapendekezo haya si hukumu. Walimu, wafasiri na maafisa wenye mifano iliyo bora zaidi na wailete. Ama kijana yule, alitia mabano yake mawili, akabofya, akaona 6. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, kumbe ni hili tu? Mbona hamkutuambia?" Swali hilo ndilo lililoandikisha makala haya.